Jina la Mtoto ni Amana

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni katika mkutano wa ukumbusho wa Chama, mjini Jinja)



  Mimi ni mwalimu mzee, na ada ya walimu wazee ni kusema mengi, nitajitahidi nisiwachoshe.

Halmashauri ya Chama imeazimia kwamba ukumbusho huu usiishie katika karamu na picha, illa uache kazi nyuma yake. Kazi yenyewe ni kuwatafuta watoto wa vibarua wa mashamba, wale ambao wazazi wao huja kukata miwa au kuchuma majani ya chai, kisha huondoka kufuata kazi nyingine, na kuwasaidia watoto hao wasome. Ili kazi ianze limependekezwa daftari la majina, nami nimeombwa niseme daftari hilo liwe la namna gani. Nilipoombwa nilidhani ni neno la dakika tano. Nilipokaa na kulifikiri nikaona kwamba katika daftari ndimo mtoto apatikanamo, na katika daftari hilohilo ndimo awezamo kupotezwa.

Kwa hiyo niwieni radhi nikiwachukua mbali kwanza, mpaka Marekani. Huko kazi ya namna hii imefanywa kwa sheria tangu mwaka 1966, na aliyetangulia njiani ndiye ajuaye mashimo yaliko. Kisha nitarudi nanyi nyumbani.

Ndugu zangu, wengi wetu tukisikia Marekani twafikiri majumba marefu na viwanda. Lakini matunda na mboga nyingi za nchi ile huchumwa kwa mikono ya watu, na wengi wenye mikono hiyo hawana makao ya kudumu. Wakati wa baridi wako Florida katika machungwa na nyanya, au kusini mwa Texas, au California. Jua likisogea kaskazini nao hulifuata. Wa Florida hupanda kwa pwani ya mashariki: Georgia kwenye vitunguu, North Carolina kwenye tumbaku na viazi vitamu. Wa Texas huenda mpaka Michigan na majimbo jirani, kwenye matufaha na matunda mengine. Wa California hupanda Oregon na Washington. Wengi wao asili yao ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Mavuno yakiisha hurudi walikotoka, na mwaka ukizunguka huanza tena.

Sasa mfikirieni mtoto aliye katika gari la familia hiyo. Huanza mwaka wa masomo katika shule moja, akapita ya pili katikati, akaumalizia katika ya tatu. Baba huondoka mwezi wa Aprili kwa kuwa shamba halingoji, na hali shule haijafunga mpaka Mei au Juni. Kijana wa sekondari huikosa mitihani ya mwisho wa muhula, na masomo aliyoyasoma kwa miezi saba yasihesabiwe kuwa kitu. Afikapo shule mpya huulizwa, "Umefika wapi?" Naye hana karatasi ya kumjibia. Basi huwekwa darasa lililo chini ya akili yake, na wako waliodungwa tena chanjo walizokwisha kudungwa, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi. Siku nyingine huwa shambani pamoja na wazazi wake, maana sheria ya kazi ya nchi ile ya mwaka 1938 iliwaachia watoto wa mashambani mlango ambao watoto wa viwandani hawakuachiwa: hata leo mtoto wa miaka 12 aweza kuajiriwa shambani nje ya saa za shule, mzazi wake akikubali.

Mwezi wa Novemba 1960, siku moja baada ya sikukuu yao ya kushukuru mavuno, mtangazaji Edward R. Murrow aliwaonyesha Wamarekani katika televisheni filamu juu ya vibarua hao. Jina lake lilikuwa Harvest of Shame, maana yake Mavuno ya Aibu. Watu ambao bado walikuwa wameshiba karamu ya jana waliwaona waliowalisha. Mwaka 1965 ikatungwa sheria kubwa ya msaada wa serikali kuu kwa shule, na mwaka 1966 ikaongezwa sehemu inayowahusu watoto wa vibarua wahamaji peke yao.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo leo ni letu: mtoto huyu atapatikana wapi? Mwenye nyumba na shamba hujulikana na shule ya mtaa wake. Mhamaji hujulikana na mnyapara tu. Sheria ikasema kwamba kila jimbo lina wajibu wa kuwatafuta, na fedha zitolewazo kwa jimbo hufuata idadi ya watoto waliopatikana. Mtoto asiyeandikwa, kwa upande wa msaada huo, ni kama hakuzaliwa.

Basi wakawekwa watu ambao kazi yao ni kutafuta. Mtafutaji hakai ofisini akingoja kugongewa mlango. Huijua kalenda ya mavuno kama mkulima aijuavyo, na hujua ni wiki gani kambi fulani itajaa. Huenda jioni, watu wakishatoka kazini. Huenda kwenye maduka ya vyakula vya kwao, mahali pa kufulia nguo, katika zahanati na makanisa. Husema lugha yao. Akimpata mzazi hukaa naye akamwuliza: mmetoka wapi, mmefika lini, mnafanya kazi gani, kazi hiyo ni ya msimu au ya kudumu, watoto ni wangapi na umri wao ni upi. Majibu huyaandika katika cheti maalumu, na mzazi hutia sahihi yake.

Angalieni jinsi sheria ilivyobainisha. Astahiliye ni mwenye umri wa miaka 3 mpaka 21 ambaye hajamaliza sekondari. Awe amehama kutoka wilaya moja ya shule kwenda nyingine katika muda wa miezi 36 iliyopita. Na awe yeye mwenyewe, au mzazi wake, au mwenzi wake wa ndoa, ni kibarua mhamaji wa kilimo au uvuvi. Miezi hiyo ikipita pasi na safari mpya ya namna hiyo, haki yake katika mpango huo hukoma. Wala mtafutaji hana neno la mwisho, kwani cheti husomwa na mtu wa pili, na kila mwaka familia kadhaa huulizwa upya na mtu mwingine ili kuhakikisha. Tahadhari hii ilitokana na makosa. Miaka ya mwanzo ya karne hii iligunduliwa kwamba katika baadhi ya majimbo waliandikwa watoto wengi wasiostahili. Daftari lililojaa uongo huwadhulumu watu wawili: aliyetoa mali yake, na mtoto wa haki ambaye fungu lake limegawiwa mwingine.

Baada ya kumpata mtoto, ilibaki taabu ya karatasi zake. Kuanzia mwaka 1969 Wamarekani walikuwa na hazina moja ya kumbukumbu za watoto wahamaji, mjini Little Rock katika jimbo la Arkansas, yenye mashine kubwa ya kompyuta iliyopokea habari za masomo na afya kutoka majimboni. Lakini walimu walilalamika kwamba mara nyingi karatasi zilifika mtoto akiwa amekwisha ondoka. Hazina hiyo ilifungwa mwaka 1995, na mwaka 2007 ukaanza mfumo mpya unaounganisha madaftari ya majimbo, hata mwalimu wa Michigan aweze kuona mara moja mtoto wa Texas alikuwa ameishia wapi katika hesabu.

Matunda ya kumjua mtoto ni makubwa. Mtazameni José Hernández, mtoto wa vibarua kutoka Mexico, aliyekuwa akichuma pamoja na wazazi wake huko California. Mwalimu wake wa darasa la pili alikwenda nyumbani kwao, akawasihi wazazi wasiwahamishe watoto kila mara, nao wakasikia. Mtoto huyo akawa mhandisi. Aliomba kuwa mwanaanga mara nyingi akakataliwa, hakukata tamaa, akakubaliwa. Na mwaka 2009 alipaa angani katika chombo cha Discovery. Naam, mambo hayo yalianza na mwalimu mmoja aliyejua mlango wa nyumba.

Mabibi na Mabwana, mpaka hapo nimesema habari ya kutafuta. Sasa nije kwenye nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi. Kwa nini mzazi amwambie mgeni jina la mwanawe?

Wengi wa wazazi hao hawana hati za kukaa Marekani, au katika nyumba moja mmoja anazo na mwingine hana. Kwao mtu ajaye jioni na kalamu aweza kuwa rafiki, na aweza kuwa ndiye atakayewatenganisha na watoto wao. Wenye mpango huo walitambua jambo hili, na cheti chao hakimwulizi mzazi habari ya hati za uhamiaji. Haki ya mtoto kusaidiwa hutegemea safari na kazi, uraia haumo. Nayo mahakama kuu ya nchi ile, katika shauri la Plyler na Doe la mwaka 1982, iliamua kwa majaji 5 dhidi ya 4 kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya umma kwa sababu tu hana hati hizo. Shauri hilo lilitoka Texas, ambako wilaya moja ilikuwa ikiwatoza watoto wa namna hiyo dola 1,000 kwa mwaka.

Kadhalika kuna sheria ya mwaka 1974 juu ya kumbukumbu za wanafunzi. Yasema kwamba mzazi ana haki ya kuziona kumbukumbu za mwanawe, na shule haina ruhusa kumkawiza zaidi ya siku 45. Akiona kosa aweza kudai lisahihishwe. Tena shule haina ruhusa kumpa mtu mwingine habari hizo pasipo idhini ya mzazi kwa maandishi, ila katika mambo yaliyotajwa, mfano shule mpya anayohamia mtoto, au hatari ya afya, au amri ya mahakama. Kijana akitimiza miaka 18 haki hizo humhamia yeye mwenyewe.

Sheria hiyo ni nzuri, wala siidharau. Lakini sikilizeni yaliyotukia. Tangu mwaka 2011 maofisa wa uhamiaji wa Marekani walikuwa wameagizwa wasiende kukamata watu shuleni na katika nyumba za ibada, ila kwa sababu maalumu. Mwezi wa Januari 2025 agizo hilo lilifutwa, na hofu ikaingia katika nyumba nyingi. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo fedha za mpango huu wa watoto wahamaji, pamoja na fedha nyingine za elimu, zilizuiliwa na serikali, zikaja kuachiliwa mwishoni mwa mwezi baada ya malalamiko mengi. Mzazi aliyetoa jina la mwanawe chini ya serikali moja hujikuta jina hilo liko mikononi mwa serikali nyingine.

Wala serikali si hatari pekee. Mwezi wa Desemba 1924 hapakuwa na cha kuiba ila daftari moja katika kabati moja. Mwezi wa Desemba 2024 mwizi mmoja, kwa kutumia neno la siri aliloliiba, aliingia katika kumbukumbu za kampuni moja kubwa inayozitunzia shule nyingi habari za wanafunzi, akachukua habari za mamilioni ya watoto na walimu. Kampuni ilitoa fedha ili habari hizo ziharibiwe. Hata hivyo, miezi michache baadaye, shule kadhaa zilitishwa upya kwa habari zilezile. Aliyekuja kukiri kosa hilo mahakamani alikuwa kijana mwanafunzi wa chuo, mwenye umri wa miaka 19.

Mimi katika yote haya nimetoa somo moja, nalo ndilo ninalowaachia. Ulinzi wa sheria hufaa, na kufuli hufaa, lakini sheria hubadilishwa na kufuli huvunjwa. Lisiloandikwa haliibiwi, wala halidaiwi na mwenye nguvu. Basi tutafute sana, tuandike kidogo.

Sasa nirudi nyumbani, na wazee walioko hapa watanisahihisha nikikosea.

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki tumepata kuandikwa. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kibarua aliitwa manamba, kwa sababu alijulikana kwa namba yake. Huko Kenya palikuwa na kipande, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mwanamume Mwafrika alilazimika kukichukua kila aendako, chenye alama za vidole vyake na habari za waajiri wake, na wengi wakakivaa shingoni katika kikopo cha bati. Hapa Uganda, mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1920 na 1930, yalijengwa kwa jasho la watu waliotoka mbali: watu wa West Nile, na watu wa Rwanda na Burundi waliokuja kwa miguu wakikimbia kazi za lazima za Wabelgiji, na baadhi yao njaa kubwa ya 1943 na 1944. Wako miongoni mwenu ambao babu zao walifika kwa njia hiyo. Watu hao waliandikwa kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya kodi. Ni nadra kukuta daftari lililoandika mtoto wao ana umri gani na amejua kusoma au hajui.

Kwa hiyo mkienda kambini na daftari, msishangae mkiona mama anawaficha watoto nyuma ya mlango. Si ujinga. Ni kumbukumbu aliyorithi.

Serikali yetu iliondoa karo za shule za msingi mwaka 1997, na watu husema tangu hapo mlango u wazi. Ni kweli u wazi. Lakini mlango haumfai mtu asiyekaa mahali pamoja kwa muda wa kuujua. Kijana aletwaye hapa mwezi wa pili na kuondolewa mwezi wa sita hukuta daraja limekwisha kuvunjwa mbele yake na nyuma yake.

Nina kisa changu mwenyewe, nanyi mnivumilie, kwa maana si cha kujisifu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu katika shule moja isiyo na haja ya kutajwa. Mfadhili mmoja alijitolea kuwanunulia sare watoto wa kambini, nami nikapewa orodha ya majina 14. Siku sare zilipoletwa niliwapanga wanafunzi wote uwanjani, nikasoma majina yale kwa sauti moja baada ya jingine, nikatangaza kwamba hawa ndio watoto wa vibarua waliosaidiwa. Nilitaka mfadhili ashukuriwe. Miongoni mwao alikuwako msichana mmoja hodari wa hesabu, ambaye wenziwe hawakujua kwamba alilala kambini. Alipokea sare yake, akaikunja, akaiweka juu ya dawati. Kesho yake hakuja. Siku ya tatu nilikwenda kambini. Mama yake alinikaribisha kwa adabu, akanipa kigoda, akasema: "Mwalimu, umemvisha kwa mkono mmoja, ukamvua kwa mkono wa pili." Kabla mwezi haujaisha familia ile ilihamia shamba jingine, nami sikumwona tena. Sare yake ilikaa katika kabati la ofisi miaka mingi, na kila nilipofungua kabati niliiona.

Sikumpa adui jina la mtoto yule. Nililitangaza kwa nia njema mbele ya watoto wenzake, na hilo lilitosha kumwondoa shuleni. Basi kuhusu daftari letu naishauri Halmashauri kama ifuatavyo.

Kwanza, twende kwao, wala tusiwaite waje kwetu. Twende siku ya mapumziko au jioni, na katika kila kundi wawepo akina mama, maana mama ndiye ajuaye mtoto alikoishia katika kusoma. Wawepo wajuao Kinyarwanda, Kirundi, Kilugbara na Kisoga. Na tusiende pamoja na mnyapara, kwani mbele yake mtu hutoa jibu la mnyapara.

Pili, kabla kalamu haijafunguliwa, mzazi aelezwe sisi ni nani, tunaandika nini, kwa sababu gani, na nani atasoma. Akikataa tumshukuru na tuondoke kwa heri, na mtoto wake akija kwenye mafunzo ya jioni asirudishwe.

Tatu, tuandike yale tu ambayo bila hayo hatuwezi kusaidia: jina la mtoto, umri, darasa alilofika, jina la mlezi, mwezi waliofika na mahali wanapotazamia kwenda. Tusiandike kabila. Tusiandike wametoka nchi gani. Tusiandike madeni wala maradhi. Na natamka hili nikijua nimesimama katika mkutano gani: tusiandike dini. Mtoto wa kibarua aliyekatika masomo ni mtoto wa kibarua aliyekatika masomo, na Chama hiki hakihitaji kujua zaidi ili kimnunulie vitabu.

Nne, kila mtoto awe na namba, na karatasi za maendeleo yake zitumie namba hiyo, hali daftari la majina limefungiwa peke yake. Najua nimetoka kulilaumu neno manamba. Tofauti ni hii: namba ile ilimfuta mtu jina lake, hii yetu ni ya kumsitiri.

Tano, ufunguo uwe kwa watu wawili waliochaguliwa na mkutano. Daftari lisipigwe picha kwa simu, wala majina yasipelekwe katika makundi ya simu hata kwa nia ya kuomba mchango. Yasisomwe hadharani, wala yasichapishwe katika kitabu hiki cha ukumbusho. Mfadhili aridhike kuambiwa idadi ya watoto aliowasomesha. Akitaka kuwaona nyuso zao, hizo ni mali ya wazazi wao, na waombwe wao.

Sita, mzazi apewe karatasi yake mwenyewe, iliyotiwa sahihi na mwalimu, ionyeshayo mtoto amesoma nini na amefikia wapi. Karatasi hiyo ndiyo iende naye safarini, akaionyeshe kwa mwalimu wa shule nyingine atakapofika. Naye awe na haki ya kuja kutazama tulichoandika, na kukisahihisha.

Saba, daftari liwe na mwisho. Mtoto akimaliza, au familia ikitoweka kwa muda tutakaoukubali, jina lifutwe na karatasi ichomwe. Tumeona kwamba hata Wamarekani waliweka miezi 36.

Haya si maoni ya mwalimu mzee tu. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2019 juu ya kulinda habari za watu yasema kwamba habari za mtoto hazikusanywi ila kwa idhini ya mzazi au mlezi wake, isipokuwa katika mambo machache iliyoyataja. Kenya nayo ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka huohuo wa 2019, na Tanzania mwaka 2022. Mtu yeyote akija kudai majina, awe mkubwa wa shamba, mgombea wa kura au mwenye cheo, aletwe mbele ya Halmashauri, aonyeshe sheria impayo haki hiyo. Asipewe mlangoni kwa sababu ya kumwonea haya.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakaribia kumaliza. Mtu akikuachia mbuzi wake akasafiri, wajua la kumfanyia: utamlisha, hutamkopesha kwa jirani, na mwenyewe akirudi utamkabidhi. Mama wa kambini akikutajia jina la mwanawe amekuachia kilicho kikubwa kuliko mbuzi, naye hana hata shahidi. Tukilitunza vizuri, msimu ujao atawaambia wenziwe katika lori kwamba Jinja wako watu wa kuaminiwa, na watoto watakuja bila kutafutwa. Tukilitapanya, hatutaliona kosa letu, kwa sababu mtoto aliyeondoka haji kutushtaki. Tutaona tu dawati tupu.